Ncha za Shuka Letu

Mwanga huingia ukumbini kwa madirisha ya juu, na vumbi huinuka kuupokea. Huinuka taratibu, bila miguu, bila ngoma, punje moja moja, kila punje na safari yake. Nimekaa kwenye benchi la ukutani, mikono mapajani, nalitazama. Linapanda, linazunguka, linashuka. Hakuna punje inayoshika mkono wa mwenzake.

Kisha mnaingia ninyi wachezaji, na vumbi silioni tena, maana macho yangu yanakufuata wewe.

Nina wivu, mwenzangu. Nalisema polepole, kama mtu anayejitoa mwiba kwenye unyayo. Kwa umri wangu huu, na meno haya machache yaliyonibakia, nilidhani wivu ulikwisha kunihama siku nyingi, ukaenda zake pamoja na kiuno changu cha usichana. Kumbe ulikuwa umelala tu. Umeamka na njaa.

Ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa jiko lako. Nimeamshwa na sufuria zako maisha yangu yote ya uzee, na kabla ya uzee pia. Kwa jinsi ulivyotua birika nilijua umelala vizuri au umelala na mawazo. Nikigonga ukuta, ulijibu kwa mwiko. Hatukuhitaji simu.

Halafu sufuria zikaanza kuchelewa. Asubuhi moja ulipiga hodi kwangu ukaniuliza jiko lako liko wapi. Siku nyingine uliniletea chumvi ambayo sikuwa nimeomba, ukarudi na chumvi tena, ukarudi na chumvi tena. Niliipokea yote. Nilikushukuru kila mara kama mara ya kwanza, maana kwako wewe ilikuwa mara ya kwanza.

Binti yako aliona. Binti yako, anayeniita mama mkubwa ingawa mimi na wewe hatukulala tumbo moja, alikupeleka kliniki. Daktari alizungumza nasi kwa upole, akiwa ameweka kalamu chini. Alisema kilichoondoka kichwani hakirudishwi kwa urahisi, ila kilichobaki kinaweza kupewa kazi ili kisiondoke nacho. Akatuambia kuna ukumbi ambako wazee wa mtaa hucheza pamoja kila wiki. Mwili ukicheza, alisema, na kichwa kinacheza.

Binti yako yuko kazini mchana kutwa. Akanigeukia. "Mama mkubwa, utampeleka?"

Nani mwingine angekupeleka? Nilikuleta mwenyewe. Kwa mkono wangu huu nilikuleta hapa, nikakufungulia mlango, nikakuambia ingia. Ndiyo maana sina wa kumlaumu.

Mwalimu wetu ni msichana wa viatu vya raba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Haoni aibu kushika mikono yenye mikunjo. Anayetetemeka humshika kiwiko, asiyesikia humwekea kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma, ngoma imwingie kwa kiganja.

"Wazee wangu," husema, "hapa hatushindani kucheza vizuri. Masikio yafuate ngoma, miguu ikumbuke kinachofuata, macho yamtazame mwenzako. Ubongo wenye kazi zote hizo utasinzia saa ngapi?"

"Wa kwangu husinzia hata nikiwa natafuna," akajibu dereva mstaafu, mzee mwenye tumbo na kofia.

"Basi, babu, leo tutauamsha."

Mimi sichezi. Goti langu la kulia lilivimba nilipoteleza bafuni, na tangu hapo linajiamulia mambo yake. Kwa hiyo nakaa benchini. Nashika mikoba, miwani, fimbo, meno ya mtu yaliyofungwa kwenye leso. Nashika vya watu wote. Wewe unashikwa na mwingine.

Nitakuambia anayekushika. Wanamwita Msusi, kwa kuwa alisuka vichwa vya watu mpaka vidole vikamwomba ruhusa ya kupumzika. Mwembamba, mpole, ananukia mafuta ya nywele. Siku ya kwanza ulisimama katikati ya ukumbi, hujui uende mbele au nyuma, macho yako yamejaa maji. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka, napigana na goti. Kabla sijanyooka, yeye alikuwa amekwisha fika. Alikushika vidole viwili tu, vidole viwili kama mtu anavyochambua nywele za mtoto anayeogopa kitana, akakuambia, "Dada, hata mimi sijui. Tusijue wote." Ukacheka.

Ulicheka, mwenzangu. Kicheko kile cha kifuani, ambacho kilikuwa hakijapita ukutani kwangu kwa msimu mzima.

Laiti angekuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa msengenyaji, au mwenye maringo, au angalau mwenye kukoroma akikaa. Nilimtafutia kasoro kwa bidii, nikatoka mikono mitupu. Kola ya gauni lako ikijikunja, yeye huinyoosha. Jasho likikutoka, yeye ana leso. Na siku moja alikuja benchini, akaniletea mto mdogo alioushona mwenyewe, akasema, "Hili benchi gumu, dada, na goti lako hilo." Niliukalia ule mto kwa hasira. Ulikuwa laini.

Nina wivu, mwenzangu, na wivu wa kumwonea mtu mwema hauna pa kutapika.

Wiki moja Mwalimu alikuja na jambo jipya. "Kila mtu atuletee kazi yake," alisema. "Ile kazi uliyoifanya mpaka mwili ukaizoea. Utuonyeshe kwa mikono, nasi tutaicheza. Kichwa kikisahau, tutauliza mikono."

Dereva akashika usukani wa hewa, akakata kona, na ukumbi mzima ukakata kona nyuma yake. Mama aliyepika shuleni akakoroga chungu ambacho kingewatosha watoto wote wa mji, nao wakakoroga. Fundi mwashi akainama kupanga matofali, akakwama kulekule chini, ikabidi wamwinue. "Msishangae," akasema akihema, "hata kazini nilikuwa nainuliwa." Ngoma ikacheka nao.

Ikafika zamu yako. Nilijua utasema hukumbuki. Nilikuwa tayari kukusemea, kama ninavyokusemea dukani, kliniki, mlangoni kwa wageni. Nikafungua kinywa.

Wewe ukainua mikono.

Uliinua mikono, vidole vimebana hewa, na mimi nikaliona shuka.

Nililiona kabla ya mtu yeyote mle ndani. Jeupe, la hospitali, bado lina joto la mashine. Wengine wangejuaje? Ni mimi na wewe tulioingia chumba cha kufulia tukiwa wasichana, tukatoka tukiwa bibi. Ni sisi ambao mvuke ulitukunja vidole kabla uzee haujafika. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja hushika ncha mbili huku, mwingine ncha mbili kule. Mnalikung'uta, linapiga kofi. Mnalivuta, linanyooka. Mnaunganisha ncha, kisha mnatembea, wewe unakuja na mimi nakuja, mpaka vidole vinagusana. Unanipa zako. Unainama, unachukua mkunjo chini, unarudi. Kuja, kupa, kuinama, kurudi. Kuja, kupa, kuinama, kurudi.

Hatukuwahi kuiita ngoma. Tuliiita Jumatatu. Tuliiita Jumanne.

Pale katikati, vidole vinapogusana, ndipo tulipoambiana mambo. Mimba yako ya kwanza uliniambia pale, kwa pumzi moja, msimamizi asisikie. Mimi nami, asubuhi ile niliyorudi kazini baada ya kumzika mume wangu, sikusema kitu. Ulikuja na ncha zako, ukanipa, ukazishikilia kidogo kabla ya kuziachia. Kidogo tu. Shuka lile sikulisahau, ingawa yalikuwa yote meupe.

Na sasa ulikuwa umesimama katikati ya ukumbi, umeinua ncha mbili, unatafuta wa kushika zile nyingine. Macho yako yakaja benchini. Yakanipita kama yanavyopita kiti. Yakaenda mpaka kwa Msusi.

"Mwenzangu," ukamwambia, "kamata."

Mwenzangu.

Jina langu ulikuwa umeliacha, na mimi nilikuwa nimelisamehe. Jina ni la kila mtu. Karani wa kliniki analiita, mwenye duka analiita, hata wasionipenda wanalijua. Lakini *mwenzangu* lilikuwa langu. Uliniita hivyo mbele ya msimamizi, uliniita hivyo misibani, uliniita hivyo kupitia ukutani ukitaka moto wa kuwashia. Nililificha kama mtu anavyoficha kipande cha mwisho cha sabuni. Nawe ukamkabidhi mtu aliyekuja juzi.

Mkacheza. Kuja, kupa, kuinama, kurudi. Uso wako ukafunguka kama dirisha la chumba kilichofungwa siku nyingi. Wazee wakajipanga nyuma yenu wawili wawili, wakalikunja shuka letu, mimi nikiwa nimekalia mto. Mlipomaliza watu walipiga makofi. Nilipiga na mimi, kwa heshima.

Tukashika njia ya nyumbani. Wewe ulikuwa unaimba kwa pua. Tulipofika kwenye kona ya mtaa wetu uliniuliza, kwa adabu, kama na mimi nakaa maeneo haya.

"Tuko jirani," nikasema.

"Vizuri," ukasema. "Ni mtaa wenye watu wema."

Jioni ile binti yako alikuja kwangu na chai kwenye chupa. Alikuwa amechoka, kamba za viatu zimefunguka, hakuziona. Akanimiminia mimi kwanza.

"Mama mkubwa, nataka kukuuliza kitu. Siku za ngoma mama anarudi hoi. Analala kabla hajala. Nafikiria nimwachishe, apumzike nyumbani. Lakini mimi simwoni akiwa kule, wewe ndiye unayemwona. Inamsaidia, au tunamchosha bure? Ukisema basi, basi."

Basi. Neno dogo kiasi hicho. Ningelitoa, na ungebaki kwangu. Ungebaki upande wa pili wa ukuta, kimya lakini wangu, na Msusi angetafuta ncha za kushika kwingine. Nilihisi neno limekaa juu ya ulimi, limevaa viatu, linasubiri mlango tu.

"Ngoja nimtazame tena wiki ijayo," nikasema.

"Sawa. Siku hiyo nitawafuata ukumbini mwenyewe, uniambie." Akanishika bega. "Bila wewe sijui ningefanyaje." Akaondoka akiniamini. Chai yake ilikuwa nzuri, sikuimaliza.

Wiki ile nilikwenda kama hakimu. Nilikaa benchini nikiukusanya uchovu wako. Hapo amepepesuka. Hapo amekosea mguu. Hapo amejifuta paji la uso. Niliyapanga yote vizuri moyoni, niyatoe binti yako akifika.

Mwalimu alikuwa amelitengeneza shuka likawa ngoma kamili, safu mbili zinazotazamana. "Mkikutana katikati," akasema, "anayepokea anyooshe mkono wa kulia. Wa kulia, wazee wangu, wote tufanane."

Ngoma ikaanza. Mkaja. Msusi akanyoosha mkono wa kulia. Wewe ukasimama, na safu nzima nyuma yako ikasimama kwa kugongana.

"Siyo huo," ukasema.

"Wa kulia, dada," Msusi akakunong'oneza. "Mwalimu amesema."

"Mwalimu hajawahi kukunja."

Wazee wakaangua kicheko, na Mwalimu naye. Wewe hukucheka. Ulichukua mkono wa kushoto wa Msusi, ukauinua, ukaupanga vidole kimoja kimoja. "Mwenzangu anapokea kwa huu. Ni mashoto. Ukimpa upande ule mnagongana, shuka linaanguka, mnafua upya."

"Lakini mimi si mashoto, dada."

"Najua si wewe," ukamwambia, kwa subira, kama unamfundisha mtoto kufunga kamba. "Nakuonyesha yeye anavyofanya."

Ngoma ilikuwa imenyamaza. "Yeye nani, bibi?" Mwalimu akauliza taratibu.

Ukafikiri. Niliona ukifikiri. Nilikuona ukiingia ndani ya kichwa chako kama mtu anayeingia chumba chenye giza, anapapasa ukuta, anapapasa. Nilishika ukingo wa benchi. Sikukusemea. Kwa mara ya kwanza tangu uanze kusahau, sikukusemea.

"Wa kazini," ukasema hatimaye. "Tulikuwa wawili."

Ni mimi, mwenzangu. Mimi ndiye mashoto. Siku zangu za mwanzo kazini niliangusha mashuka kila nikipewa mtu wa kukunja naye, na msimamizi akaniambia nijirekebishe au nirudi kwetu. Wewe ulikuja ukashika ncha upande wa pili, ukaniangalia mikono, ukageuza ya kwako. Ulijifunza kukunja kinyume ili mimi nikunje nilivyoumbwa, ukakunja hivyo mpaka tukastaafu. Manesi waliyajua mashuka yetu wodini, maana mkunjo wake ulitazama upande mwingine. Wema wako mwingi niliuona. Huu niliuzoea mpaka nikadhani ndivyo mikono yako ilivyo.

"Haya," akasema Mwalimu, "leo ukumbi wote ni mashoto."

"Mwalimu, utatuua," akasema dereva, lakini akabadilisha mkono. Fundi akabadilisha. Mpishi akabadilisha. Wakagongana, wakakanyagana, wakaombana radhi, wakarudia. Wakapata. Kuja, kupa, kuinama, kurudi. Ukumbi mzima wa wazee ukapokea kwa mkono wangu.

Wangu nao ulikuwa mapajani. Niliutazama, mishipa yake, makovu ya mvuke. Nikauonea wivu. Mkono unakumbukwa, mwenye mkono hajulikani. Mkono wangu unapendwa kule katikati ya ukumbi, na mimi nimekaa nao hapa, tumepishana kama wageni wawili mlangoni.

Binti yako alikuwa amekwisha fika. Alisimama mlangoni na mkoba wa kazini begani, akikutazama. Hakuwa amekuona hivyo muda mrefu. Ngoma ilipoisha alikuja akachutama mbele ya benchi langu.

"Mama mkubwa. Tuseme basi?"

Nilikuwa nimekusanya mengi, mwenzangu. Pale umepepesuka, pale umekosea. Niliyatafuta, nikayapata yote yakiwa mahali pake, yamepangwa vizuri. Nikayaacha palepale.

"Usimwachishe," nikasema. "Anachoka kwa sababu anafanya kazi. Mtu akitoka kazini hulala. Mwekee chakula mapema, ale kabla usingizi haujamfika."

"Kwa hiyo inamsaidia."

"Nyumbani ananisalimu na kunyamaza. Hapa amebishana na Mwalimu, akashinda."

Akacheka, macho yake yamelowa. Nikaona nimalize kabla sijabadilika.

"Halafu hili goti langu. Kuna siku litanikataa, na yeye asikose kwa ajili ya goti la mtu. Ongea na yule msusi awe anapita kumchukua. Njia moja na sisi. Anamwelewa vizuri kuliko..."

"Kuliko nani, mama mkubwa?"

"Kuliko wengi," nikasema.

Sikulisema kwa moyo mweupe. Moyo ulikuwa umenuna pembeni, umekunja mikono. Nililisema kwa mdomo tu, na mdomo ukatosha. Msusi alipoambiwa alikuja akanishukuru, eti nimempa mtu wa kutembea naye, nyumba yake ina ukimya mwingi. Sikujua. Hata yeye ana ukuta usiojibu.

Tukatoka. Wewe na yeye mbele, mkono kwa mkono, binti yako kando yenu, mimi nyuma na goti langu. Njia ilikuwa kavu, na miguu yenu ilikuwa bado haijatoka kwenye ngoma. Mlikwenda mkirudia, kuja, kupa, kuinama, kurudi, na vumbi likainuka. Jua likaliwasha. Halikuwa lile la ukumbini, la punje moja moja na safari zake. Hili liliinuka limeshikana, limetoka chini ya viatu vyako na vya kwake bila kubagua, likatandazika hewani kama kitambaa, likashuka juu yangu. Likanifunika miguu. Likanifunika pindo la gauni na mikono yote miwili.

Nikakohoa. Wewe ukasimama, ukageuka.

"Mama," ukaniambia, kwa adabu ile unayowapa wageni, "samahani, tunakutimulia vumbi. Njoo huku, kuna kivuli."

Ukauachia mkono wa Msusi ili njia ipate upana. Ukasogea ukutani. Ukaningoja.

Nikaja. Nikapita katikati yenu, polepole, na kivuli kilikuwa baridi kama ulivyosema.

Nina wivu, mwenzangu. Bado ninao, naona nitazeeka nao. Lakini vumbi lile sikulikung'uta. Nimefika nalo nyumbani, nimekaa nalo kitandani, upande huu wa ukuta, linang'aa kidogo kila mwanga ukinigusa.